Mwalimu wa Hatua Elfu Saba

Mwalimu wetu wa baiolojia hakuwahi kuingia darasani mikono mitupu. Walimu wengine walikuja na chaki na kitabu. Yeye alikuja na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na kazi yetu ya kwanza asubuhi ilikuwa kukisia kilichomo. Siku moja yalikuwa mafuvu ya panya wawili, siku nyingine mahindi ya rangi tatu kwenye gunzi moja, na siku moja kilikuwa kichwa cha samaki kilichokuwa kimeshaanza kunuka, tukasoma habari za matamvua, yale samaki anayopumulia, huku tumeziba pua. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa kutembea haraka. Vumbi la chaki lilimkaa kwenye mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko, na hata Jumapili kanisani, akiwa mstari wa mbele wa kwaya, ungeliona ukikaa karibu.

Shuleni palikuwa na bango la kutuamuru tuongee Kiingereza tu. Mwalimu alilipita kila siku bila kuligusa wala kulikosoa, akaingia, akafunga mlango, akatufundisha kwa Kiswahili.

"Mtihani mtaufanya kwa Kiingereza, na maneno yake nitawaandikia," alisema. "Lakini kuelewa, mtaelewa kwa lugha mnayoombea chumvi."

Ndivyo tulivyopata maneno mawili ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake: mageuko, na uteuzi wa asili. Mageuko aliyaeleza kwa ufupi: viumbe wa leo si sawasawa na wazazi wao wa zamani sana, na wote, ukirudi nyuma vya kutosha, ni jamaa. Uteuzi wa asili hakuueleza. Aliutoa nje uwanjani.

Siku hiyo kwenye mfuko mlikuwa na maharage, mekundu na meupe, idadi sawa. Aliyamwaga kwenye ardhi nyekundu mbele ya bwalo, akatuambia sisi ni kunguru. Akihesabu mpaka ishirini, kila kunguru aokote anachoweza. Tuliinama tukigombana na kusukumana. Alipopiga makofi tukasimama, tukahesabu yaliyobaki chini. Mekundu yalikuwa mengi, meupe machache. Akasema yaliyobaki sasa yanazaa, kila harage linaongeza moja la rangi yake. Akayaongeza, akatugeuza kunguru tena. Duru ya tatu ilipokwisha, tulitafuta harage jeupe tukakosa.

Rafiki yangu Beatha, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo maharage yamejibadilisha yakawa mekundu ili yasiliwe."

Mwalimu akachuchumaa, akaokota maharage ya kujaa kiganja, akampa. "Nitafutie moja lililobadilika."

Beatha akayageuza geuza. "Yote ni mekundu tangu mwanzo."

"Basi nani kabadilika?"

Mimi niliona, sijui kwa nini ilikuwa mimi, nikasema, "Fungu. Fungu ndilo limebadilika, Mwalimu. Harage halikubadilika."

Alinitazama, akaniita kwa jina, "Pili, kaa chini," ingawa tulikuwa uwanjani na hapakuwa na pa kukaa. Ilikuwa ni namna yake ya kusifu. Kisha akaenda mbali zaidi, kwenye nyasi zilizokauka nyuma ya jiko, akamwaga maharage mengine ya mchanganyiko uleule, na safari hii ni meupe yaliyobaki. Hakuna rangi iliyo bora, alisema. Kuna rangi inayofaa hapa na rangi inayofaa pale. Nimesikia watu wazima wenye digrii wakisema uteuzi wa asili maana yake mwenye nguvu anamla mnyonge, nami kila mara naona yale maharage, ambayo hayakuwa na nguvu yoyote.

Nisije nikamfanya mtu asiye na kasoro. Alikuwa na hasira za ghafla. Alichelewa vipindi vya kwanza na kutuadhibu sisi tuliochelewa, na ukimkumbusha aliona umekosa adabu. Tena alikuwa anaogopa kinyonga. Mwanamke aliyetufundisha kwa kipindi kizima jinsi macho ya kinyonga yanavyotazama pande mbili, jinsi ulimi wake unavyofyatuka, alipoletewa kinyonga halisi juu ya tawi la mpera, alitoka kwa kupitia dirishani. Dirisha lilikuwa chini, lakini ni dirisha. Tulimkuta kwenye ofisi ya walimu, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Najua hana sumu," alitwambia. "Nimewafundisha mwenyewe. Mpelekeni mbali."

Wapo waliomdharau kwa hilo. Mimi nilimpenda zaidi, maana nyumbani kwetu Itetemia sote tulikuwa tunaogopa vinyonga, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujua kitu na kukiogopa kwa wakati mmoja, na bado akafundisha kile anachokijua.

Jambo la kwaya na mageuko liliwasumbua watu wengi kuliko lilivyomsumbua yeye. Baba yake Beatha alikuwa katekista huko Ulyankulu, mkulima wa tumbaku na mahindi, mtu mpole ambaye familia yake ilitoka Burundi. Beatha aliporudi likizo na kumsimulia tulichosoma, shule ilipofunguliwa tu baba alipanda basi la asubuhi, akaja shuleni amevaa koti la Jumapili. Alisema wazi kwamba amekuja kumchukua binti yake. Beatha alikuwa ameshafunga sanduku. Sisi tulijikusanya nje ya dirisha la maabara, tukasikia kila kitu.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alianza.

"Marahaba. Mwalimu, mimi si mtu wa ugomvi. Nauliza tu. Unamfundisha mwanangu kwamba babu yangu alikuwa nyani?"

"Hapana, mzee. Babu yako alikuwa mtu, na babu yake alikuwa mtu. Nyani wa leo hakumzaa yeyote kati yetu. Nawafundisha kwamba sisi na nyani ni ndugu wa mbali, mbali sana. Wale ambao hata msibani huwajui kwa sura."

Mwalimu akamuuliza kuhusu shamba. Wakazungumza mvua, wakazungumza wadudu wa mahindi, mpaka tukadhani wamesahau kilichomleta. Kisha akamuuliza, "Mbegu ya mwakani unaitoa wapi?"

"Ya mahindi naitunza mwenyewe. Nachagua magunzi mazuri. Lile lililovumilia jua, lisilotobolewa."

"Kila mwaka?"

"Tangu baba yangu."

"Na mahindi yako yanafanana na ya baba yako?"

Mzee akacheka kidogo. "Ya baba yalikuwa madogo. Haya yangu yanavumilia."

"Basi wewe ni mwalimu wa somo hili kuliko mimi," akasema. "Wewe unachagua kwa mkono. Porini hakuna mkono. Jua linachagua, ukame unachagua, mdudu anachagua. Anayevumilia ndiye anayeacha mbegu. Ndilo somo zima."

"Na Mungu?"

Tulisogea dirishani mpaka Beatha akakanyagwa mguu. Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini. "Mzee, mimi Jumapili naimba sauti ya pili, na naimba kwa moyo. Mtihani wa taifa hauniulizi habari za Mungu, na mimi sijioni nafaa kumsahihisha mtu kwenye hilo. Nakuomba tu usimtoe binti. Ana akili, na anauliza maswali kuliko wenzake wote."

Mzee hakusema kwamba amekubali. Alisema basi la mwisho linaondoka saa tisa na hataki limwache. Alimpa Beatha karanga alizokuja nazo, akapanda basi peke yake. Beatha alifungua sanduku akaanza kutoa nguo moja moja huku analia, na hakutaka tumsaidie.

Watu wanaomkumbuka Mwalimu kule Tabora wanamkumbuka zaidi kwa matembezi. Kila mwaka alichukua darasa moja kutembea kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kutoka pwani kwenda Ujiji na shanga na vitambaa, wakirudi na meno ya tembo. Zamu ya darasa letu ilipofika, tulianza kwa kujipanga langoni. Alitutazama nyuso, akatutaka na sisi tutazamane. Palikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wahangaza, msichana mmoja wa ukoo wa Kiarabu wa mjini ambaye babu zake walifika na biashara, na Beatha. Wafupi, warefu, wenye ndewe za masikio zilizoachana na zilizogandana, wanaoweza kukunja ulimi na wasioweza.

"Angalianeni vizuri," alisema. "Mngekuwa mnafanana wote, uteuzi usingekuwa na cha kuchagua. Tofauti zenu hizi mnazochekana ndizo mtaji."

Kisha akatupa sharti. Hatua moja ni miaka elfu moja. Tunarudi nyuma, tunahesabu kwa sauti, anayekosea tunaanza upya.

Hatua ya kwanza haikumalizika na misafara ilikuwa imeshapita. Ilikuwa kwenye vidole vya mguu tu, alisema, pamoja na mabibi zetu wote tunaowajua kwa majina. Hatua ya pili ilikuwa na manabii. Ya kumi na mbili hivi, watu walikuwa ndio kwanza wanajifunza kupanda mbegu. Tulitarajia mambo yaendelee kwa kasi hiyo. Hayakuendelea. Tulifika mia, mia mbili, mia tatu, na hapo akatusimamisha karibu na kibanda cha fundi baiskeli.

"Hapa ndipo zinapoanza sura kama zetu," akasema. Fundi baiskeli akajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa imeegeshwa pale.

Tukaendelea. Jua lilipanda. Njiani alitusimulia kwamba funza, yule anayeingia vidoleni, hakuwepo huku zamani. Alivuka bahari kutoka ng'ambo ya magharibi, akapanda miguu ya wapagazi, akatembea nao njia hii hii mpaka pwani. Mahali papya, miguu mitupu mingi, vumbi kavu analolipenda. Alistawi kwa sababu palimfaa. Watu walitoka kwenye hesabu kwa kujitazama vidole, tukalazimika kuanza mia ile upya.

Elfu moja. Elfu mbili. Msichana wa mjini alivua viatu. Elfu nne, sauti zilikauka na tulikuwa tunahesabu kwa kupokezana. Tulipokaribia elfu saba tulikuwa tumeshauacha mji, kuna mashamba ya viazi pande zote, na mama mmoja aliyekuwa analima alisimama kututazama kundi la wanafunzi tunaotaja namba kama wagonjwa.

"Mwangaluka, mama," Mwalimu alimsalimu, akaitikiwa. Kisha akatugeukia, jasho limemtiririka mpaka shingoni. "Tulieni. Ni mahali fulani hapa, hatua elfu sita au saba, hakuna anayejua sawasawa. Hapa ndipo sisi na sokwe wa kule Kigoma tulikuwa na bibi mmoja. Watoto wake wengine wakashika njia yao, wengine wakashika yao."

Mtu akauliza, "Na uhai wenyewe, Mwalimu? Ule wa kwanza kabisa?"

"Mngetembea hivi hivi mpaka pwani, mkarudi Tabora, mkaenda pwani tena."

Tuligeuka, paa la shule halikuonekana tena. Nakumbuka nilitazama chini, kwenye nyayo zangu, nikapata kizunguzungu ambacho hakikuwa cha jua. Kurudi hatukuhesabu.

Kuna jambo moja alilisimulia mara moja tu, na hakulisimulia darasani. Alilisimulia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameugua malaria, akapewa dawa za siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya pili homa ilishuka, mtoto akaanza kucheza. Shuleni, kwa kujivunia tu, nilimwambia Mwalimu kwamba mdogo wangu amepona na mama ametunza vidonge vilivyobaki. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kisha akaweka chaki mezani, akatoka katikati ya kipindi, na mimi nikamfuata mbio mpaka Itetemia.

Mama alikuwa anapepeta mpunga. Alimkaribisha kiti, akashangaa kwamba mgeni hakai.

"Mama Pili, vile vidonge viko wapi?"

"Nimevihifadhi, Mwalimu. Homa imeshashuka. Vilivyobaki vitawafaa wenzake wakiugua."

"Mpe leo jioni. Na kesho. Mpaka viishe."

"Mtoto mzima huyo, anacheza."

Ndipo Mwalimu alipokaa. Alikaa chini kabisa, kwenye mkeka, kando ya mama. Akasema yeye alikuwa na mtoto wa kiume. Aliugua enzi zile ambazo dawa ilikuwa klorokwini na kila nyumba ilikuwa nayo. Alimpa vidonge vyote, kwa saa, kama alivyoelekezwa. Homa haikushuka. Walipompeleka hospitali alikuwa ameshaanza degedege, na hawakurudi naye.

Mama aliacha ungo.

"Miaka mingi niliamini nilikosea kipimo," Mwalimu alisema. "Nilikuwa nahesabu vile vidonge kichwani, kimoja kimoja. Baadaye nilipokwenda chuo ndipo nikaelewa. Vimelea vya malaria havifanani vyote. Miongoni mwao vilikuwepo vichache ambavyo vilizaliwa hivyo tu, dawa haiviui. Sisi tukameza dawa nchi nzima, miaka na miaka. Vile dhaifu vikafa. Hivi vikabaki, vikazaana, mpaka vikawa ndivyo vilivyojaa. Dawa ileile, kipimo kilekile, na haifanyi kazi. Ndilo somo ninalomfundisha Pili kwa maharage."

"Pole, Mwalimu," mama alisema. "Pole sana."

"Somo halikunirudishia mtoto. Lakini liliniondolea kesi, Mama Pili. Nilikuwa nimejishitaki na kujihukumu mwenyewe." Akajifuta uso, akaacha alama ya chaki shavuni. "Sasa, usiviachie vimelea vya mwanao nafasi. Mpe vidonge vyote."

Mama aliinuka akavitoa kabatini, ndani ya kikombe cha udongo, akavihesabu mbele yake. Mdogo wangu alimaliza dawa. Leo ana watoto wawili. Mimi nilikwenda kusomea uuguzi, na sina haja ya kutafuta mbali kwa nini.

Nilimwona tena mwaka jana. Nafanya kazi Urambo, kwenye zahanati, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda stesheni kumpokea shangazi. Treni ilikuwa imechelewa, watu wamejilaza kwenye mabegi kivulini. Nilimtambua kwa mwendo, ingawa sasa alikuwa anatumia mkongojo. Alikuwa amekuja kumtazama mjukuu wake, anarudi Tabora.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani? Usiniambie." Akanichungua uso, akatikisa kichwa. "Niambie."

Nilipomtajia jina na mwaka, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinishika mkono kwa nguvu, akanivuta tukae kwenye benchi.

"Mwaka ule. Ninyi niliwachorea watu ubaoni?"

Sikuelewa. Akanieleza: mchoro wa mstari, wa kushoto sokwe aliyeinama, anayefuata ameinuka kidogo, na anayefuata zaidi, mpaka wa kulia kabisa mtu amesimama wima. Nikamwambia ndiyo, nakumbuka, tena nilipata alama zote kwenye swali hilo.

"Ni makosa," akasema. "Niliwafundisha makosa."

Alifungua mkoba akatoa bahasha iliyotumika, akaomba kalamu. Alichora shina, akalitoa matawi, na matawi yakatoa matawi, mengi yakikatika njiani kabla ya kufika juu. Alieleza kwamba hatukupanga foleni. Zilikuwepo jamii za watu kadhaa, nyingine wakati mmoja, nyingine zikakutana na kuzaa pamoja, na zote zikaisha ila hii moja. Hapakuwa na aliyekuwa anaelekea kuwa sisi. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye kitabu kipya cha shule, naye akakaa usiku mbili tatu bila raha, akifikiria wanafunzi wa miaka yote ambao bado wana ule mstari kichwani.

"Mwalimu, lakini ndivyo vitabu vya wakati ule vilivyochora," nikamwambia. "Hukuwa na kosa."

"Vitabu havikusimama mbele yenu. Nilisimama mimi." Akanipa bahasha. "Wewe una simu. Una namba za wenzako?"

"Ninazo baadhi."

"Waambie."

Treni iliingia wakati huo, watu wakaanza kusukumana na mizigo, shangazi yangu akaniita kutoka dirishani. Nilimsaidia Mwalimu kupanda. Hakuniaga. Alishaanza kuzungumza na kijana mmoja mwenye begi la shule aliyekaa mkabala naye, anamuuliza yuko kidato cha ngapi.

Jioni, shangazi akiwa anaoga, nilikaa kizingitini na ile bahasha magotini nikaanza kuwapigia simu wenzangu. Wa kwanza alicheka akadhani natania. Wa pili, ambaye sasa ni meneja wa benki Mwanza, alinisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nimpigie picha ule mchoro nimtumie. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama Mwalimu bado yupo.

"Yupo," nikamwambia. "Bado anasahihisha."